Punda Akikata Kamba: Kumkamata Bila Kuumia na Bila Kumuumiza

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanavikundi wa wanyamakazi kutoka wilaya za Nachingwea na Ruangwa)



Tunajua kila asubuhi ina kazi yake shambani, na waliotoka upande wa Ruangwa wameamka usiku ili wafike hapa kwa wakati. Kwa hiyo hatutazunguka. Vikundi vyenyewe ndivyo vilivyotuomba tuzungumze juu ya jambo hili: punda akikata kamba, au akitoroka na mkokoteni, tufanye nini? Katika kutembelea vijiji tumeona kwamba watu wanajua kumlisha punda na kumfunga mkokoteni, lakini akishaponyoka kila mtu anageuka mwindaji.

Kabla ya kusema habari za kumkamata, tuhesabu kwanza kinachopotea. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na wengine hufika miezi 14. Huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo asibebeshwe mzigo mzito kabla ya kufikisha miaka 3 au 4. Sasa jumlisheni wenyewe. Kikundi kinachompoteza punda leo, kikitaka kumrudisha kwa kuzalisha, kinangoja miaka 4 hadi 5. Katika miaka hiyo maji yanarudi kichwani kwa mama na binti, na magunia ya korosho, mbaazi na ufuta yanasubiri mwenye baiskeli au pikipiki anayepanga bei jinsi anavyotaka. Ndiyo maana tunasema punda aliyeponyoka si jambo la kuwachekesha watoto.

Mzee mmoja alituuliza kwa nini hatukuzungumzia farasi, ambaye ana mbio na nguvu zaidi. Ni swali zuri, na historia ya hapa hapa inalijibu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini walisonga kutoka upande wa Kilimanjaro kwenda Kondoa, na farasi wao wakafa kwa mamia kwa ndorobo na maradhi mengine ya farasi. Vita ilipofika kwetu, na watu kupigana pale Narungombe mwezi Julai 1917, mizigo mingi ya majeshi ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi, watu weusi wenzetu, ambao wengi hawakurudi makwao. Punda naye hupata nagana, tusidanganyane, lakini huvumilia kuliko farasi. Kuna wazee hapa wanaokumbuka pia habari za Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Matrekta yalikuja Nachingwea kwa wingi, yakaharibika, yakabaki vyuma. Punda hahitaji dizeli wala spea kutoka ng'ambo. Anahitaji mtu anayemwelewa, na hapo ndipo kazi ilipo.

Punda ni mgeni kwa wengi wetu. Si kama mbuzi ambaye mtoto wa Kimwera au wa Kimakua amezaliwa akamkuta uani. Kwa hiyo tuanze na tabia yake.

Watu husema punda ni mbishi. Sisi tunasema punda ni mwangalifu. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, akili inamfuata baadaye. Punda akiogopa mara nyingi husimama, hukaza miguu, hutega masikio na kutazama. Akiona hatari ni ya kweli ndipo hukimbia, au hupigana kwa meno na kwato. Maana yake kwetu ni nzuri: punda aliyeponyoka kwa kawaida haendi mbali kama hakuna anayemfukuza. Anatoka zizini, anakwenda hatua mia mbili, anaona majani mazuri, anainamisha kichwa. Anayemfanya afike kijiji cha pili ni sisi, kwa kelele zetu.

Tulishuhudia jambo hili katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Punda alikata kamba asubuhi, akasimama chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Vijana wapatao kumi wakaja na fimbo, mbwa wanne mbele yao. Punda akavuka shamba la mbaazi, akavuka korongo, na saa sita mchana wote walikuwa hoi, na kijana mmoja alikuwa amepigwa teke la paja. Mama mwenye kumlisha punda yule aliporudi kutoka kisimani, alichukua debe lenye pumba kidogo, akalitikisa, akamwita kwa sauti ile ile ya kila siku. Punda akamfuata hadi zizini. Vijana walisema ni dawa. Mama alikuwa na debe na desturi.

Desturi hiyo ndiyo kamba ya kwanza, nayo husokotwa kabla punda hajatoroka. Kila mara unapompa chakula, mwite kwa neno lile lile na utikise chombo kile kile. Fanyeni hivyo kila siku, hata siku ambazo hamna haja naye. Na mara nyingine mkamateni, mumkune shingo, mumwachie bila kumpa kazi. Punda ana kumbukumbu ndefu. Akijua kwamba kila akishikwa anafungwa mkokoteni, atakapoona kamba ataondoka. Akijua kwamba kushikwa mara nyingine ni pumba na kukunwa, atangoja aone leo ni ipi.

Haya, sasa ameponyoka. Jambo la kwanza ni kuwatuliza watu. Awepo msemaji mmoja, na awe yule anayemlisha, hata kama ni mama au mtoto mkubwa na mwenyekiti wa kikundi yuko pale. Hapa cheo hakisaidii kitu. Watoto warudi nyuma, mbwa wafungwe. Mbwa hasa: punda huwachukia kama anavyomchukia fisi, na punda aliyekuwa ametulia ataanza kupiga mateke akimwona mbwa.

Kisha tazameni kwa nini ametoka. Kama ni punda dume, huenda kuna jike lenye joto jirani. Kama wako wawili na mwenzake amepelekwa kisimani, basi amemfuata mwenzake. Punda wanaoishi pamoja hupendana sana, na hili tutumie. Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kumpata aliyetoroka ni kumpeleka mwenzake polepole mahali anapoweza kumwona, kumsimamisha hapo, na kusubiri. Mara nyingi atakuja mwenyewe. Hapo mnatembea wote kurudi nyumbani, aliyefungwa mbele na aliyetoroka nyuma, na kamba utamvalisha ndani ya zizi.

Kama hana mwenzake, mtu mmoja amwendee. Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana ndipo watu wanapoumia. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya pua yake. Ukimjia kutoka nyuma atashtuka, na mateke ya punda huenda nyuma na hata pembeni. Ukimjia uso kwa uso, ukimkazia macho, anakuona kama mnyama anayewinda. Basi mwendee kwa ubavu, ukielekea begani, usitembee moja kwa moja bali kwa kuzunguka kidogo kama mtu anayepita zake. Mikono chini. Macho yaangalie bega au ardhi. Zungumza, hata kama ni upuuzi, ili ajue uko wapi.

Akiinua kichwa na kutega masikio kwako, simama. Akigeuza makalio upande wako, rudi nyuma hatua mbili tatu, usubiri. Watu wengi hawapendi kurudi nyuma, wanaona ni kushindwa. Lakini punda akiona kwamba akitulia wewe unaondoka, hofu inampungua, na mara ya pili atakuruhusu ufike karibu zaidi. Inaweza kuchukua dakika 5, inaweza kuchukua saa nzima. Saa moja ya kusimama ni nafuu kuliko siku tatu za kutafuta.

Kamba usiifiche nyuma ya mgongo. Anajua. Ibebe begani, wazi. Ukimfikia usirukie kichwa. Mkono wa kwanza uende begani au kwenye shingo karibu na mahali manyoya ya mgongo yanapoanzia, umkune kwa vidole kama punda wenyewe wanavyokunana kwa meno. Akilegeza midomo na kushusha kichwa, pitisha kamba shingoni, ndipo umvalishe kamba ya kichwa. Chombo cha pumba kiwekwe chini, usimlishe kwa mkono uliobanwa kati ya meno yake na kamba. Kamwe usimshike sikio wala mkia. Anayemkamata punda kwa sikio atamkamata hivyo mara moja tu, safari ya pili punda hatamruhusu mtu yeyote kufika kichwani.

Na sasa neno kubwa kuliko yote ya leo, tunaomba hata walio nyuma wasikie: kamba usiizungushe mkononi wala kiunoni, hata mara moja. Ikunje kwa mikunjo mirefu na uishike katikati ya mikunjo. Punda akivuta, kamba iliyozungushwa hukaza, hukata vidole, huvunja kiganja, au humburuta mtu kama gunia. Kamba ya nailoni hukata ngozi vibaya kuliko ya katani. Kama nguvu imekushinda, achia. Punda atapatikana tena.

Kuhusu kumrushia kitanzi kwa mbali, sisi hatushauri. Kitanzi kinachokaza shingoni humnyonga, na punda anayenyongwa hupigania roho yake. Vivyo hivyo kumtega kwa kamba miguuni. Mguu wa punda ukivunjika, kwa hali yetu ya kijijini, hakuna matibabu ya kumrudisha kazini.

Pakiwa na uwanja mpana na hakubali kabisa kusogelewa, tengenezeni uzio wa watu. Chukueni kamba ndefu, watu watatu au wanne waishike kwa usawa wa kifua, waliosimama mbalimbali, na watembee taratibu kumwelekeza kwenye zizi, ukuta wa nyumba, au kona ya ua. Hakuna kupiga kelele. Mkifika kwenye kona mpeni nafasi, msimbane hadi akaona hana pa kwenda, kwa sababu hapo ataamua kupita juu yenu. Anayemlisha ndiye aingie peke yake. Wengine washike kamba na wanyamaze. Tunajua kunyamaza ndiko kugumu zaidi.

Kama ametoroka akiwa na mkokoteni, hatari ni mara mbili. Msisimame kati ya mkokoteni na mti, au kati ya mkokoteni na ukuta. Msiushike mkokoteni kwa nyuma mkidhani mtauzuia. Uzito ukimvuta ghafla atazidi kuogopa. Ngojeni asimame, naye atasimama, kwa sababu mkokoteni hunasa mahali. Mmoja ashike kichwa na kumtuliza, mwingine aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na baada ya hapo tu ndipo mikanda ifunguliwe. Mkifungua mikanda kabla ya kuweka mawe, mkokoteni unaweza kumgonga miguu ya nyuma na mchezo unaanza upya.

Barabarani ni habari nyingine. Kati ya Nanganga, Ruangwa na Nachingwea, na vilevile kwenda Masasi, siku hizi malori ya korosho na magari ya abiria yanakwenda kasi. Punda akiwa barabarani, watu wawili waende kwanza mbali, mmoja kila upande, waweke matawi ya miti barabarani kama madereva walivyozoea, na wapunge nguo. Baada ya magari kupunguza mwendo ndipo mwende kwa punda. Msimfukuze atoke barabarani kwa fimbo, maana hamjui atarukia upande gani. Na asitumwe mtoto. Hilo hatulijadili.

Usiku je? Wengi mtasema usiku ndio wasiwasi mkubwa, kwa fisi na kwa wezi. Ni kweli. Lakini kumbukeni tuko wapi. Pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, liko upande wa Liwale, wala simba hasomi mipaka ya wilaya. Kati ya mwaka 1990 na 2004 watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba katika nchi yetu, na Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Wengi walikamatwa wakati wa mavuno, wakilinda mashamba dhidi ya nguruwe pori, au wakitembea gizani. Punda ana thamani, tumeihesabu hapa. Lakini hakuna punda anayestahili mama au kijana kuingia porini peke yake usiku na tochi ya simu. Tafuteni karibu na nyumba, mkiwa kundi. Acheni lango la zizi wazi, wekeni pumba na maji ndani, na mwenzake afungwe pale. Kukicha fuateni alama za kwato.

Wezi tuwataje pia, kwa sababu wana sababu mpya. Ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza dawa inayotakiwa sana nchini China, na kwa ajili hiyo punda wengi wa Afrika wamechinjwa, wengine wakiwa wa wizi. Serikali yetu ilitangaza mwaka 2022 kuzuia uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia barani kote. Amri ni njema, ila punda anayezurura bila alama ni rahisi kupotea. Kila kikundi kiandike kwenye daftari rangi, jinsia, umri na makovu ya punda wake, na akikosekana asubuhi taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la majirani. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walielekezwa, pamoja na kwingineko, katika mkoa wetu wa Lindi. Tangu hapo neno mifugo linapotajwa katika mkutano wa kijiji, baadhi ya watu hukunja uso. Punda wa kikundi akiingia kwenye mbaazi au ufuta wa mtu, aliyeumia haoni punda mmoja mwenye njaa, anaona ugomvi wote wa miaka iliyopita. Kwa hiyo anayekwenda kumchukua punda shambani mwa mtu asiingie kimya kimya. Apige hodi, amwone mwenye shamba, watazame hasara pamoja, na malipo yapatanishwe mbele ya balozi au mjumbe siku hiyo. Na wewe mwenye shamba, usimkate kwa panga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo, na punda aliyekatwa hawezi kulipa mbaazi zako. Mfungie kivulini, mpe maji, mwite mwenyewe. Torati ya Musa katika Kutoka 23 iliagiza kumrudishia mtu punda wake aliyepotea, hata kama mtu huyo ni adui. Sheikh mmoja tuliyekuwa naye katika kikao alisema hata kwao amana ya mtu hurudishwa. Basi katika hili hatuna mabishano ya dini.

Akisharudi, msimpige. Tunajua hasira mlizo nazo, mmetembea, mmelowa jasho, watu wamewacheka. Lakini punda hawezi kuunganisha kipigo cha saa nane na kutoroka kwa saa mbili. Anachojua ni kwamba amekubali kushikwa na akapigwa. Mpeni maji, mkague miguu, chini ya kwato, na mahali mikanda inapogusa. Mara nyingi mtakuta sababu ya kutoroka hapo hapo: kidonda chini ya mkanda, au jiwe katika kwato. Kama amelala porini penye ndorobo, mwangalieni kwa wiki kadhaa. Akikonda ilhali anakula, akipata homa, au akilegea, mwiteni bwana mifugo apime nagana.

Na kuna punda mmoja asiyekamatwa kabisa. Ni yule aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mpole sasa anauma watu, miti na hata mwili wake, anatoa mate, anashindwa kumeza. Huenda aling'atwa na mbwa mwenye kichaa. Punda huyo msimguse, msimfungue mdomo kutazama kama amekwamwa. Zuieni watu na mifugo, mwiteni bwana mifugo. Aliyeumwa au aliyeguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, asingoje kuona dalili.

Tumesema mengi, na maneno hayakamati punda. Pale nje chini ya mkorosho wako wawili wa kikundi cha wenyeji wetu, na kamba za katani tumeleta. Tutatoka kwa makundi ya watu watano watano. Tutaanza na namna ya kukunja kamba, kisha kila mmoja atamwendea punda kwa ubavu na kumkuna bega. Kina mama waanze, kwa kuwa ndio wanaolisha. Maswali tutayajibu huko huko.